Ahadi ya Mwaka Mpya na Mdai Wake



Kila tarehe 1 Januari twasema maneno yale yale: mwaka huu nitakuwa mtu mpya. Mmoja asema ataacha pombe, mwingine atasali asubuhi na jioni, wa tatu atapunguza hasira. Ifikapo Kwaresima maneno hayo yamekwisha sahauliwa, wala hakuna aonaye haya. Sababu ni nini? Si kwamba tulisema uongo siku ile. Wazee walisema ahadi ni deni. Walakini ahadi zetu nyingi ni deni lisilo na mdai. Na deni lisilo na mdai, nani hulilipa?

Tumwangalie Zakayo, mkuu wa watoza ushuru wa Yeriko, ambaye Luka aliandika habari zake katika sura ya 19. Mtu huyu hakusema tu kwamba atakuwa mwema. Alitaja kipimo: nusu ya mali yake kwa maskini, na kila aliyemdhulumu kumrudishia mara nne. Basi tangu siku ile, kila mtu aliyetozwa kupita haki aliweza kufika mlangoni pake na kusema, Nipe changu. Ahadi ya Zakayo ilikuwa na wadai.

Watu wa pwani nao walilijua jambo hili kwa njia yao. Kule Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwaka wa Nairuzi huingia mwezi wa Julai, na wanaume hupigana kwa mapande ya migomba, ili ugomvi wa mwaka uliopita uishe. Waona kwamba mwaka hauwi mpya mpaka mambo ya jirani yametengenezwa.

Lakini yako makosa ya moyoni ambayo jirani hayaoni. Hapo yafaa tujifunze kwa Benjamin Franklin, mpiga chapa wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1706. Alichagua sifa 13, akatengeneza kitabu kidogo, kila sifa ukurasa wake, na kila siku nafasi yake. Jioni alijihoji, na kila kosa alilitia alama nyeusi. Kila juma aliangalia sifa moja hasa. Basi kwa majuma 13 alizimaliza zote, na kwa mwaka aliweza kuzizunguka mara nne. Yeye mwenyewe aliandika kwamba hakuufikia ukamilifu, na ya kuwa utaratibu ulimshinda kuliko yote. Hata hivyo alikuwa mtu bora kuliko kama asingalijaribu. Kitabu kile ndicho kilichokuwa mdai wake.

Basi nawashauri hivi. Chagueni jambo moja, si kumi. Bandu bandu huisha gogo. Litajeni kwa kipimo na siku. Kisha mpeni mdai. Usiseme, Nitaacha pombe; sema, Kila Jumamosi fedha ya pombe nitaitia mkononi mwa mke wangu. Usiseme, Nitapatana na watu. Sema, Jumapili ya kwanza ya Februari nitakwenda kwa ndugu yangu tuliyegombania mpaka wa shamba, nimpe mkono. Nawe mwalimu, usiseme, Nitawapenda watoto. Sema, Kila Ijumaa nitakaa nusu saa na wale watano wasioweza kusoma, nao wajue kwamba Ijumaa ni yao.

Labda mtu atauliza, Je, hiyo si kujionyesha? La. Sijasema mpige mbiu sokoni. Sadaka na ibaki siri. Mwambie mtu mmoja tu, yule ambaye haki ni yake, nawe umpe ruhusa ya kukuuliza. Akija kukuuliza, usimkunjie uso, maana amekuja kukusaidia.

Na tuutazame mwaka wa jubilii. Katika sheria ya Walawi, sura ya 25, mwaka wa 50 ulitangazwa kwa baragumu. Shamba lililouzwa likarudi kwa mwenyewe, na Mwisraeli aliyejiuza kwa umaskini akarudi kwao huru. Haukuwa mwaka wa nyimbo na karamu tu. Yuko mtu aliyepata chake. Basi, kabla ngoma za sikukuu yetu hazijanyamaza, kila mmoja ajiulize: Mwaka huu, ni nani atakayepata chake kwangu? Akishamjua, asingoje Januari nyingine. Aende.