Amana Yenye Miguu Minne



Mtu akikuachia sanduku lake la fedha, hulifungui wala hulitumii. Unaliweka mahali pa salama, na siku akirudi unamkabidhi kama lilivyokuwa. Hiyo ndiyo amana tuijuayo. Lakini iko amana nyingine ambayo mwenye kuirudisha kama alivyoipokea ameikosea haki yake, nayo ni mbwa aliyeokolewa njiani, akawekwa kwa mlezi wa muda mpaka apatikane mtu wa kumchukua moja kwa moja.

Nililetewa amana ya namna hiyo hapa Nairobi: dume la miezi 11, uzito wa kilo 34, jina lake Simba. Siku ya kwanza alipindua ndoo ya maji, akatafuna kandambili za jirani, na alasiri akamrukia kifuani mzee aliyekuja kunijulia hali, hata kanzu ikachorwa nyayo za matope. Majirani wakatoa hukumu kwamba huyo ni mkali, nami nilikaribia kuafiki. Kumbe hakuwa mkali, alikuwa kijana. Mbwa mkubwa hutangulia kupata kimo kuliko akili, na mwili wake huonekana umetimia hali moyo ungali wa mtoto, aghalabu mpaka atimize mwaka mmoja na nusu, au hata miwili.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilimpa Simba tangu siku ya kwanza: kukaa kitako kabla ya sahani kuwekwa chini, na kutembezwa kwa kamba kila alfajiri, akiachwa anuse vichaka apendavyo, maana kunusa ni kazi ya ubongo na humtuliza kuliko kuzunguka uani mbio. Ama ile tabia ya kurukia watu, mzoefu mmoja alinieleza kwamba kumkemea na kumsukuma ni kumlipa ujira, kwani anachotaka ni kuangaliwa, na mikono imsukumayo kwake ni mchezo. Basi akiturukia tulimpa mgongo kimya. Miguu yote minne ikitua ardhini, ndipo tukamwita jina na kumpa kipande cha nyama. Watoto, mlinzi na mimi tulishika kanuni hiyo moja, na baada ya majuma sita lango lilipofunguliwa alikuwa akipokea wageni kwa mkia tu.

Kinyume cha hayo, desturi yetu ya kumfungia mbwa kibandani mchana kutwa, kisha kumfungulia usiku tukitaraji ulinzi, haizai mlinzi. Huzaa mnyama aliyejaa fadhaa, asiyepambanua mwizi na mgeni.

Najua wako wasikilizaji, wa pwani hasa, watakaosema kwamba mbwa ni najisi. Sibishani na fikihi: Simba alilala uani, na chombo chake kilikuwa mbali na vyetu. Lakini hao hao waijua hadithi ya mtu aliyeteremka kisimani, akajaza maji kiatuni, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, Mwenyezi Mungu akamghufiria. Wala hatusikii kwamba mbwa yule alikuwa milki yake.

Juma la tisa ilikuja aila moja kumtazama. Simba aliketi mbele ya mtoto wao bila kuamriwa, nami nikajua kwamba kazi yangu imekwisha. Nilifurahi, na koo likanikaba. Mlezi wa muda humfunza mbwa adabu itakayofurahiwa na watu wengine, na asiyeweza kustahimili hayo asipokee amana.

Ikiwa una ua wenye lango lifungikalo, na subira ya miezi miwili, nenda kwenye kituo cha kuwahifadhi wanyama kilicho karibu nawe. Wakazi wa Nairobi wanacho cha KSPCA kule Karen, chama ambacho mwanzo wake ni mwaka 1910. Hakikisha tu kwamba mnyama amechanjwa kichaa cha mbwa, na kwamba chanjo itarudiwa kwa wakati wake. Usimchague mdogo na mpole pekee, maana huyo hakosi mtu. Ulizia yule mkubwa arukaye wavuni kila mtu apitapo: ndiye aliyengoja zaidi, na siku atakapotoka, nafasi yake itapewa mwingine aliyeko njiani.