Ardhi ya Wote Haina Dalali



Sote tumeziona bikoni. Zimechimbiwa kwenye kile kipande cha kijani kilicho kati ya mtaa wetu na mto, zina namba za rangi nyekundu, na hakuna aliyetuambia ni za nani. Baada ya bikoni huja mabati, na baada ya mabati huja bawabu mwenye rungu ambaye ukimuuliza tajiri wake ni nani, hajui. Watu wa Nairobi tunaijua njia hiyo. Kwa hivyo nitasema mapema nililokuja kusema: hatupingi nyumba. Tunapinga ardhi ya wote kugawanywa na wachache kwa siri, kisha tukaambiwa hayo ndiyo maendeleo.

Shida ya nyumba ni kubwa, na ni vibaya kuipuuza. Wamo humu wanaolala sita katika chumba kimoja. Kwa mujibu wa Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024, kila mwenye mshahara hukatwa asilimia 1.5 ili nyumba hizo zijengwe. Basi yeyote anayetuambia kwamba nyasi na miti si kitu mbele ya mtoto asiye na makao, tumuulize swali moja: nyumba unazotaka kujenga pale ni za mtoto yupi?

Msitu wa Karura, hapa Nairobi, ulitupa jibu zamani. Msitu ule ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1932. Katika miaka ya 1990, sehemu yake kubwa iligawiwa kampuni za watu binafsi, na mwananchi wa kawaida hakuweza kujua nyuma ya kampuni hizo kuna nani. Makao makuu ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira yako pale pale Gigiri, lakini hata ujirani huo haukuzuia miti kukatwa. Mwanamazingira Wangari Maathai na wenzake wa vuguvugu la Green Belt Movement ndio waliopiga kelele. Tarehe 8 Januari 1999 walifika langoni wakiwa na miche ya kupanda, wakavamiwa na walinzi wenye silaha. Mama yule alipigwa kichwani hadi akatokwa na damu. Alipofika kituo cha polisi kuandikisha taarifa, aliitia sahihi kwa damu hiyo. Wanafunzi wa vyuo vikuu waliingia barabarani, na tarehe 16 Agosti mwaka huo Rais Moi akatangaza kupiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Na yale yaliyotaka kujengwa Karura yalikuwa majumba ya kifahari. Mkazi wa mtaa wa mabanda wa Mathare hakuwamo katika hesabu hiyo.

Nimemtaja mkazi wa Mathare kwa sababu yeye ndiye hulipia makosa ya walio juu ya kilima. Mvua ikinyesha penye miti na udongo laini, maji hunywewa taratibu. Ikinyesha penye saruji na lami, yote huteremka kwa pamoja kumtafuta aliye bondeni. Mwezi wa Aprili 2024 mafuriko yalisomba watu na nyumba kingoni mwa mto Mathare. Haukupita muda, tingatinga zikaja kubomoa nyumba zilizosalia, na wenyewe wakaambiwa wamejenga karibu mno na mto. Kama sheria ya kingo za mto ni kali kwa mwenye kibanda, iwe kali pia kwa mwenye ramani ya ghorofa kumi na mbili.

Mtauliza, basi watu wajengewe wapi? Nendeni Pangani. Penye nyumba chache za zamani za jiji pamesimama maghorofa yenye mamia ya makao, na hakuna msitu uliokatwa. Mitaa mikuukuu ya jiji bado ipo, na ina barabara, maji na mabomba ya majitaka. Kujenga pale kuna kazi, kwa sababu lazima uketi na wapangaji mkubaliane. Ardhi ya kijani hupendwa na mabwanyenye kwa kuwa miti haina wakili.

Lakini sheria imetupa sisi kazi ya uwakili. Kifungu cha 70 cha Katiba ya 2010 kinamruhusu yeyote kwenda mahakamani kutetea mazingira bila kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara. Na msitishwe na neno hatimiliki. Mwezi wa Aprili 2023, katika kesi ya kiwanja cha ufuoni kule Nyali, Mombasa, Mahakama ya Juu iliamua kwamba ardhi iliyotengwa kuwa eneo la wazi kwa umma, kisha ikagawiwa kinyume cha sheria, haiwi halali kwa sababu tu imeuzwa na kuuzwa tena. Anayenunua kilichoibwa kwa umma hana pa kujificha.

Sasa nigeukie upande wetu, maana lawama zote haziwezi kuwa za wengine. Ushirikishaji wa umma mara nyingi huanza na karatasi yenye mistari: jina, namba ya kitambulisho, simu, sahihi. Unapewa soda na shilingi mia tano za nauli, unatia sahihi, unakwenda zako. Karatasi hiyo inaweza kubandikwa kwenye ripoti na kuitwa idhini ya wakazi. Ndugu zangu, someni kichwa cha karatasi kabla ya kushika kalamu. Kikiwa kitupu, msitie sahihi.

Na kuna jambo la pili, gumu zaidi. Kama tunailinda ardhi hii ili kodi za nyumba zetu zipande na majirani wa ng'ambo ya mto wabaki nje ya ua, basi na sisi ni wanyakuzi, tofauti ni kwamba hatuna bikoni. Tukishinda, njia ya kwenda mtoni ibaki wazi kwa mwanafunzi, kwa mchunga mbuzi, kwa mama mwenye jiko la mahindi, na kwa yeyote asiye na shamba la kwake. La sivyo, tusiitumie tena kauli ya ardhi ya wote.

Naomba basi mkutano huu ukubali mambo matatu. Kwanza, tuteue watu watano waende Ardhi House, kwenye ofisi za ardhi, kutafuta rekodi ya kipande hiki, na majibu yabandikwe ukutani kwa machifu na misikitini na makanisani. Pili, tudai kuona ripoti ya athari kwa mazingira. NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ikiwa imeshatoa leseni, tukate rufaa ndani ya siku 60 zilizowekwa na sheria. Tatu, asiwepo miongoni mwetu atakayekutana na mwenye mradi peke yake, hata akiitwa kwa chai. Akitaka kuzungumza nasi, aje hapa, mchana, mbele ya watu wote.

Mwenyekiti, nakurudishia nafasi. Tafadhali pigisha kura, na kila anayeinua mkono aandikwe jina, kwa sababu siku ya mahakama tutamhitaji.