Ujerumani Ilipofunga Mlango wa Wafanyakazi

Leo tunazungumzia vibali vya kazi kwa wageni, na mfano wetu ni Ujerumani Magharibi.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili, viwanda vya nchi hiyo vilikosa watu. Mwaka 1955 serikali ilitia saini mkataba na Italia ili ipate wafanyakazi. Mwaka 1960 zikafuata Hispania na Ugiriki. Agosti 1961 ukajengwa ukuta wa Berlin, na waliokuwa wakihamia kutoka Ujerumani Mashariki wakazuiwa. Oktoba hiyo ukaja mkataba na Uturuki.

Waturuki walipimwa afya Istanbul kabla ya kusafiri. Utaratibu ulikuwa mtu afanye kazi miaka miwili, arudi kwao, aje mwingine. Waajiri ndio walioukataa. Umemfundisha mtu mashine hadi ameizoea, kisha umrudishe uanze na mwingine asiyejua kitu? Mwaka 1964 kikomo hicho kikaondolewa.

Novemba 1973, bei ya mafuta ilipopanda na uchumi kuyumba, serikali ilisimamisha uajiri wa wageni. Hapa ndipo penye somo, msikilizaji. Kati ya watu wapatao milioni 14 walioingia hadi mwaka huo, karibu milioni 11 walikuwa wamesharudi kwao. Mtu huondoka kwa moyo mweupe akijua ataweza kurejea. Mwitaliano bado aliweza, kwa kuwa nchi yake ilikuwa katika Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya. Mturuki hakuweza: akitoka, basi. Kwa hiyo wengi walibaki, wakawaita wake, waume na watoto. Hatua iliyokusudiwa kupunguza wageni ikawafanya wajenge makazi, nao walikuta nchi isiyowaandalia hata masomo ya lugha.

Sasa Ujerumani inazeeka, na inatafuta wauguzi na mafundi. Septemba 2024 ilitia saini makubaliano na Kenya kuhusu wafanyakazi wenye ujuzi, pamoja na kuwarejesha Wakenya wasio na vibali. Mimi nawasihi wanaoyasimamia waangalie sana upande wa kurudi kwa hiari. Muuguzi wa Kisumu aliyeajiriwa Hamburg aweze kuja nyumbani hata miaka miwili kumwuguza mama yake, kisha arejee kazini bila kupanga foleni ya viza upya wala kutathminiwa vyeti vyake mara ya pili.