Mpaka Unaolifuata Gunia: Biashara Ndogo kati ya Sirari na Masoko ya Kisii na Nyamira

Mada iliyoandaliwa kwa semina ya maafisa wa biashara, wawakilishi wa wadi na viongozi wa masoko, Kisii

Waandaaji wa semina hii waliomba mada juu ya mipaka ya Kenya na nchi jirani. Sehemu kubwa ya uwanja huo waliomo ukumbini waliisoma shule ya msingi, kwa hiyo itapitwa kwa haraka. Kenya inapakana na nchi tano kwa nchi kavu. Kwa makadirio yanayotumika sana, Ethiopia ina kilomita 867 za mpaka huo, Uganda 814, Tanzania 775, Somalia 684 na Sudan Kusini 317. Pande kadhaa zina migogoro yake. Kwa Sudan Kusini kuna Pembetatu ya Ilemi. Kwa Somalia kuna vituo vilivyofungwa kwa miaka mingi. Serikali ilitangaza Mei 2023 kwamba vitafunguliwa, na mashambulizi yakaifanya iahirishe Julai mwaka huo huo. Kwa Uganda kuna Migingo, jiwe dogo ziwani lenye kelele kubwa. Hayo yana wataalamu wake.

Kisii na Nyamira hazigusi nchi yoyote. Kati ya Kisii na Tanzania ipo kaunti moja tu, Migori upande mmoja na Narok upande mwingine, na kwa barabara kutoka mjini Kisii hadi Isebania, mji wa mpakani unaotazamana na Sirari ya Tanzania, ni chini ya kilomita 100. Kwa sababu hiyo mikutano ya mipaka hualika Migori, hualika Narok, na kuzisahau kaunti hizi mbili. Huko ni kukosea, na mada hii inaeleza kwa nini.

Mstari wenyewe ulitokana na mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya 1886 na 1890: kutoka Ziwa Victoria ukanyooshwa kuelekea pwani, ukipinda kuuzunguka Kilimanjaro. (Ile hadithi ya malkia kumzawadia mjukuu wake mlima haina ushahidi, ingawa walimu bado wanaipenda.) Wakuria wakabaki nusu huku, nusu Tarime, Tanzania. Gusii yenyewe ilihesabiwa kuwa Uganda hadi 1902, mkoa wa mashariki wa Uganda ulipohamishiwa upande ambao leo ni Kenya. Septemba 1914 wanajeshi wa Kijerumani waliuvuka mstari huo wakaingia mjini Kisii, na tarehe 12 pakapiganwa vita ambavyo wazee walivisimulia kwa miaka mingi. Mwaka 1977, Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilipovunjika, Tanzania ilifunga mpaka, ukafunguliwa tena 1983. Miaka hiyo ndiyo iliyolea magendo ya Isebania, na njia za panya zilizozoeleka wakati huo hazijaota nyasi.

Sasa tatizo lenyewe.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira. Kisii ina zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita ya mraba. Shamba la robo ekari lenye chai, ndizi na nyumba mbili haliwezi kulisha familia mahindi mwaka mzima, hata mvua ikinyesha vizuri namna gani. Chakula lazima kitoke nje, na Tanzania ni jirani wa karibu mwenye ziada. Mahindi, maharagwe, karanga na vitunguu vya upande wa Sirari hupimwa kwa gorogoro Daraja Mbili, Keroka, Nyamira mjini na Nyansiongo. Sehemu kubwa ya biashara hii haiendeshwi na malori makubwa. Inaendeshwa na wanawake watatu wanne wanaochanga fedha, kukodi gari moja na kurudi na magunia yao.

Jumuiya ya Afrika Mashariki iliwafikiria watu hawa. Chini ya utaratibu wake wa biashara ndogo, mwenye bidhaa iliyozalishwa ndani ya Jumuiya, iliyomo kwenye orodha iliyokubaliwa na yenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, hupewa cheti rahisi cha asili ya bidhaa pale pale mpakani na halipi ushuru wa forodha. Hahitaji wakala. Kwenye karatasi, mama wa Keroka mwenye magunia kumi anahudumiwa vizuri zaidi na sheria kuliko mwenye kampuni.

Mbona basi anapita kwa pikipiki gizani?

Jibu la ofisini ni kwamba hana elimu. Jibu hilo limerudiwa kwenye semina nyingi mno, na halitoshi. Cheti rahisi kinaondoa ushuru wa forodha, lakini hakiondoi ukaguzi wa afya ya mimea, viwango vya ubora wala uhamiaji. Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana tangu 2014 raia wasafiri kwa kitambulisho cha taifa. Tanzania haikuingia, kwa hiyo anayekwenda Sirari anahitaji pasipoti au pasi ya muda. Julai 2025 Tanzania iliwazuia wasio raia kufanya aina kadhaa za biashara, ukiwemo ununuzi wa mazao shambani. Kwa hiyo hata akiwa na pasi, hawezi kwenda Tarime kununua kwa mkulima; itambidi anunue kwa mtu wa kati, kwa bei ya mtu wa kati. Kenya ililalamika, na ina haki, japo nayo si safi.

Machi 2021 mamlaka ya kilimo ya Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu (aflatoksini). Siku chache baadaye zuio liliondolewa kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, na shehena iwe na cheti kinachoonyesha sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Hapa tahadhari inahitajika. Sumukuvu si kisingizio cha kibiashara. Mwaka 2004 iliua watu 125 katika eneo la mashariki la Kenya, na walikufa kwa kula mahindi ya kwao wenyewe. Hakuna mtaalamu anayeweza kusimama hapa akapendekeza ukaguzi ulegezwe.

Lakini kipimo kilichowekwa kwa ajili ya lori la tani 28 kinapodaiwa kwa magunia matatu, matokeo yanajulikana: magunia hayapimwi, yanafichwa. Mahindi yanafika sokoni yakiwa hayajaonwa na mkaguzi yeyote, na mlaji wa Nyamira anabaki bila ulinzi ule ule ambao masharti yalikusudiwa kumpa. Jambo hili limeandikwa kwenye ripoti, likapigiwa makofi, likawekwa kabatini.

Gunia likishavuka, mpaka haujaisha. Linalipiwa ushuru wa kaunti Migori, kisha Kisii. Likipelekwa Keroka, mji uliogawanyika kati ya Nyaribari Masaba ya Kisii na Kitutu Masaba ya Nyamira, linaingia kwenye mvutano wa miaka mingi kuhusu kaunti ipi itoze wapi. Katiba ya 2010, kifungu cha 209(5), inasema wazi kwamba utozaji wa kaunti usidhuru shughuli za kiuchumi zinazovuka mipaka ya kaunti wala usafirishaji wa bidhaa nchini. Mfanyabiashara mwenye gunia ana risiti tatu na hakuna aliyemsomea kifungu hicho.

Mapendekezo yanatolewa kwa heshima zote kwa ofisi zinazohusika, nyingi zikiwa zimewakilishwa hapa.

Kaunti za Kisii na Nyamira ziombe rasmi kiti kwenye vikao vya mpaka wa Isebania na Sirari. Wanaokula mahindi hayo wawe na sauti kama wanaoyapitisha. Kaunti za Migori, Kisii na Nyamira zikubali risiti moja kwa shehena moja hadi siku inapouzwa. Kifungu cha 189 cha Katiba kinaruhusu kamati za pamoja kati ya serikali, kwa hiyo hakuna haja ya kusubiri sheria mpya. Keroka iwe mahali pa kuanzia, kwa daftari moja la ushuru na mgao unaokubaliwa, huku suala la mpaka wenyewe likiachiwa utaratibu mrefu wa kifungu cha 188, unaodai theluthi mbili ya Bunge la Taifa na theluthi mbili ya ujumbe wa kaunti katika Seneti. Mama muuza mahindi asisubiri Seneti.

Serikali ya kitaifa iweke Isebania vifaa vya kupima sumukuvu kwa haraka, gharama kwa mzigo mdogo ibebwe na serikali. Vikundi vya wafanyabiashara viruhusiwe kupima kwa pamoja: magunia 40 ya watu kumi yachukuliwe kama shehena moja. Orodha ya bidhaa za cheti rahisi ibandikwe sokoni kwa Kiswahili na Ekegusii, kwani mpakani mtu huifikia akiwa ameshanunua. Kenya iendelee kuzungumza na Tanzania juu ya kitambulisho na juu ya agizo la 2025, bila kulipiza kisasi kwa vitunguu. Maafisa wa kaunti wafundishwe kifungu cha 209(5). Na kwa kuwa pendekezo hili limewahi kutolewa na litatolewa tena: upimaji wa mzigo mdogo uwe wa bure.

Likikubaliwa hilo la mwisho peke yake, mengine yanaweza kungoja. Wawakilishi wa kaunti hizi mbili waliopo hapa wanaombwa walipeleke kwenye kamati zao za biashara kabla ya bajeti ijayo kusomwa.