Kuzima Seva Bila Kuzima Imani
Maneno tuliyoyatoa mbele ya wajumbe wa vikundi vya amani, Kolwezi



Mmetuomba tueleze namna tunavyowasha na kuzima seva ya ofisi yetu. Huenda mwingine anajiuliza: kompyuta na amani vinahusiana wapi? Tutajibu kwa yaliyotupata.

Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inaitaka kampuni itoe angalau asilimia 0.3 ya mapato ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji. Miradi yenyewe huandikwa katika daftari la ahadi, lile tunaloliita cahier des charges. Sisi tuliweka daftari hilo kwenye seva, katika kurasa chache. Seva ni programu inayokaa ikisubiri: simu ikiomba ukurasa, yenyewe inautoa. Mtu aliye karibu na ofisi husoma bila kulipia intaneti.

Kompyuta yetu ni ya ukubwa wa kati, ya ukoo wa IBM ulioanza mwaka 1988 kwa jina la AS/400. Seva yetu tuliipa jina AMANI. Kuiwasha tunaandika:

STRTCPSVR SERVER(*HTTP) HTTPSVR(AMANI)

Kuizima:

ENDTCPSVR SERVER(*HTTP) HTTPSVR(AMANI)

Siku moja mwenzetu alitaka kurekebisha ukurasa mmoja. Akaandika ENDTCPSVR peke yake. Amri hiyo isipotajiwa seva, inazima huduma zote za TCP/IP, hata njia ya kuingilia kutoka kwenye meza nyingine. Ufunguo wa chumba cha mashine alikuwa nao mtu aliyesafiri Likasi. Kurasa zikakosekana siku mbili.

Katika siku hizo mbili uvumi ulitembea: orodha ya visima na shule imefutwa, wakubwa wamekula. Vijana walikuwa tayari kufunga barabara ya malori. Wazee wakawaomba wangoje hadi asubuhi. Hakuna aliyekuwa ameiba. Palikuwa na amri iliyoandikwa nusu, na sisi tulionyamaza.

Tangu hapo tunashika mambo manne. Kwanza, tunatangaza saa ya kuzima na saa ya kuwasha, mlangoni na kwa wazee. Pili, tunataja jina la seva kila mara. Tatu, baada ya kuwasha tunatazama kwa WRKACTJOB SBS(QHTTPSVR) kama kazi za AMANI zipo, kisha tunafungua ukurasa kwa simu. Nne, nakala ya karatasi inabaki ukutani, kwa sababu umeme hukatika hata hapa, karibu na mabwawa ya Nzilo na Nseke.

Ndugu zetu, mashine ikizimika itawashwa tena kwa mstari mmoja. Imani ya kijiji haina amri kama hiyo. Basi kabla hatujagusa kitufe, tuseme na watu.