Mwinjilisti Asiyehitaji Kitu: Mada kwa Semina ya Wainjilisti, Buhongwa

Maana ya kushuhudia imani haihitaji kurasa nyingi. Kila aliyeketi ukumbini anaijua. Mada hii inahusu kushuhudia kwa unyonge, na unyonge huo si woga wala kutojiandaa. Ni kukubali kukataliwa, kuulizwa usilolijua, na kumhitaji yule unayemhubiria.

Injili ilifika pande hizi za Mwanza kwa unyonge huo huo. Desemba 1877 Shergold Smith na Thomas O'Neill wa shirika la wamisionari la CMS waliuawa Ukerewe, katika ugomvi wa Mtemi Lukonge na mfanyabiashara Songoro. Mapadri wa shirika la Kikatoliki la White Fathers, walioondoka Buganda 1882, walianzisha misheni Bukumbi mwaka uliofuata, si mbali na hapa. Alexander Mackay, aliyefukuzwa Buganda 1887, alifia Usambiro Februari 1890. Isisahaulike, hata hivyo, kwamba unyonge wao kwa sehemu kubwa haukuwa wa hiari.

Wa hiari ulikuja na Uamsho wa Afrika Mashariki ulioenea kutoka Gahini, Rwanda, ukafika Bukoba katika miaka ya 1930. Waliookoka walisimama mbele ya majirani wakataja wizi na chuki zao; wengine walirudisha mali. Josiah Kibira, Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani (1977–1984), alitoka katika Uamsho huo. Uwazi ule ulikuwa na hatari yake pia: anayetubu hadharani huweza kumwanika mwenzake ambaye hakuombwa ruhusa.

Unyonge wa namna hiyo hauna nafasi katika fomu zetu za ripoti. Ripoti ya mkutano wa Injili huuliza wangapi walihudhuria, wangapi walikata shauri, sadaka ilikuwa kiasi gani. Mwinjilisti anayejua kwamba bajeti ijayo itafuata takwimu hizo hawezi kuandika kwamba aliketi kibarazani kwa mzee wa Kiislamu, akaulizwa kuhusu Utatu, akakosa jibu, akanywa chai, akaahidi kurudi. Ataandika namba. Ushuhuda wa jukwaani nao umefuata mkondo huo: ugonjwa umepona, deni limelipwa, ndoa imesimama. Muuza dagaa ambaye mwanawe bado anaumwa husikia yote, maana sauti ya spika humfikia atake asitake, lakini haoni mahali pake.

Bila kuingilia mamlaka ya ofisi husika, inapendekezwa fomu ipitiwe upya kabla ya mikutano ya kiangazi. Ziara zilizoshindikana zipokewe kama kazi. Wainjilisti watumwe wawili wawili bila vyombo vya muziki, waombe kiti, maji na msaada wa Kisukuma, kama Yesu alivyomwomba maji mwanamke Msamaria. Jibu la “sijui” lisihesabiwe kuwa aibu. Anayeshuhudia jambo ambalo halijaisha apewe nafasi jukwaani, ila siri za wengine zisitajwe. Semina zijazo ziwaalike majirani wasio Wakristo waseme wanavyotuona. Asiwepo anayehamishwa kituo kwa sababu ya idadi ndogo. Rasimu ya fomu mpya imeambatishwa, na safu ya idadi imewekwa mwisho.