Rafiki wa Bwenini na Rafiki wa Safarini
(Hotuba iliyosomwa na mwanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka)



Nimeombwa niseme machache juu ya urafiki. Sitatoa mawaidha marefu. Nitasimulia safari moja, kisha nitasema niliyojifunza.

Katika shule hii nililala kitanda cha chini na mwenzangu cha juu kwa miaka minne. Waliokuwa bwenini wakati ule wanakumbuka sanduku lake la bati lenye kufuli mbili. Sukari yake aliipima kwa kijiko na kuiandika katika daftari. Wenzetu wakampa jina la Bahili, naye akaliitikia. Leo yumo humu ukumbini, na namwona anacheka.

Mwaka 1988, sote tukiwa kazini, tulichukua likizo pamoja tukapanda treni ya TAZARA kutoka Dar es Salaam. Nia yetu ilikuwa kufika Livingstone, nchini Zambia, tukayaone maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, yaani Victoria. Tangu Kidato cha Pili mwenzangu alikuwa amebandika picha yake ndani ya kifuniko cha sanduku. Alijua kwa moyo kwamba upana wake unazidi meta 1,700 na kwamba maji huanguka zaidi ya meta 100.

Reli ile, iliyoanza kujengwa mwaka 1970 na kukabidhiwa mwaka 1976, ina urefu wa kilometa 1,860 hadi New Kapiri Mposhi. Kati ya Mlimba na Makambako treni hupanda milima, hupenya mahandaki na kuvuka madaraja mengi. Tulisimama dirishani kama watoto. Tulipovuka mpaka wa Tunduma tukarudisha saa zetu nyuma kwa saa moja.

Upande wa pili wa mpaka homa ikanishika. Treni ilipofika Kasama sikuweza kusimama. Tiketi zetu zilikuwa za mpaka mwisho wa reli, lakini mwenzangu hakuniuliza neno. Alishusha mizigo kwanza, kisha akanishusha mimi.

Ilikuwa malaria. Hospitalini nilipewa vidonge vya klorokwini, nikalala siku sita katika nyumba ya wageni, najikuna usiku kucha kwa ule mwasho wa dawa ambao watu wa rika letu wanaujua. Siku ya tatu nilimwambia aende Livingstone peke yake, anipitie wakati wa kurudi. Akanijibu, "Maporomoko hayahami. Kunywa dawa."

Daftari la sukari sasa lilikuwa la kwacha. Kila jioni aliandika tulichotumia, na nauli ya kurudi aliifunga mbali katika kitambaa. Kurasa za nyuma aliandika maneno ya Kibemba aliyofundishwa na mama mwenye nyumba. Ugali ni ubwali. Nyama ni inama. Umuti ni mti, na dawa pia ni umuti. Basi akija na kikombe cha maji husema "umuti!" hata yule mama akacheka. Mama huyo alitupikia ubwali kwa kalembula, ambayo ndiyo matembele yetu, na siku mbili za mwisho alikataa malipo ya chakula. Tulimwambia "natotela sana", ambayo haihitaji mkalimani.

Usiku mmoja, taa imezimwa, mwenzangu alinieleza habari ya kufuli. Amenipa ruhusa niiseme leo. Miaka ile tulipokuwa shuleni sukari ilikuwa adimu. Baba yake alikuwa amefariki, na mama yake aliishi kwa kuuza vitumbua. Sukari aliyoibana muhula mzima aliibeba likizoni kumpelekea mama yake. Miaka minne nililala chini ya mtu huyu, na jambo hilo nililisikia Kasama.

Nilipopata nguvu, likizo ilikuwa imekwisha. Tukapanda treni ya kurudi. Mosi-oa-Tunya hatukuiona, na mpaka leo hatujaiona. Katika miaka yote hii hajanikumbusha hata kwa mzaha.

Ndugu zangu, wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Mimi naongeza hili: shuleni kengele hutuamsha, mpishi hutupikia, na mwalimu hutuamulia ugomvi. Ugenini hayo yote hayapo. Fedha ni moja, lugha si yenu, na mmoja akianguka hakuna wa kumwinua ila mwenziwe. Ndipo tabia iliyoitwa uchoyo inapoonekana kuwa ni uangalifu, na pengine mcheshi wa bweni akaonekana hana subira.

Kwenu wadogo zetu: mkipata nafasi, safirini na rafiki. Wekeni fedha pamoja na mziandike. Semezaneni mapema mtafanya nini mmoja akiugua. Jifunzeni salamu za wenyeji kabla ya bei za sokoni. Na kabla ya kumpa mwenzenu jina, muulizeni habari za nyumbani kwao.

Kwenu wenzangu wa rika: nauli ya Livingstone tumeanza kuiweka, mwenzangu na mimi. Daftari analo yeye.